Kadi Yenye Uso wa Hafidha

Kila asubuhi nyumbani kwa akina Raya zilisikika kelele mbili. Ya kwanza ilikuwa ya ufagio wa Raya uani, kwa sababu Mama hakupenda kuketi kwenye cherehani yake kabla uwanja haujafagiwa. Ya pili ilikuwa ya dada yake, Hafidha, akiuliza swali lile lile: "Jamani, nani kaiona kadi yangu?"

Kadi ilikuwa palepale ilipokuwa jana, imening'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Hafidha alikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, akisomea kilimo. Kichwa chake kilijaa majina ya wadudu wa mboga, hata vitu vilivyokuwa mbele ya pua yake havikupata nafasi. Raya, aliyekuwa darasa la sita, alikwisha kuzoea kumpa kadi hiyo mkononi kama anayempa mtoto daftari lake.

Kadi yenyewe ilimshangaza Raya. Tangu muhula ulipoanza, mwanafunzi wa chuo hakuhitaji tena kutafuta chenji ya nauli. Kwenye daladala zinazopita mtaani kwao, kati ya mjini na chuo, palifungwa mashine ndogo karibu na mlango. Ukiweka kadi juu yake inalia ti, taa ya kijani inawaka, na nauli inakatwa kwenye fedha ambazo mwanafunzi ameziweka chuoni. Kadi hiyohiyo ndiyo iliyomwingiza Hafidha maktaba, na ndiyo aliyopaswa kuionyesha mlangoni mwa chumba cha mtihani.

"Sasa, dada, kadi inajuaje kwamba ni wewe?" Raya aliuliza siku moja.

"Ina picha yangu."

"Kwani mashine ina macho?"

"Raya, nitachelewa!" Hafidha akatoka mbio, kiatu kimoja hakijafungwa.

Swali likabaki bila jibu. Nanyi mnajua, mtoto asipojibiwa hujijibu mwenyewe, na mara nyingi hujijibu vibaya.

Jibu Raya alilipata kwenye msumari uleule. Hapo ilining'inia pia kadi ya bima ya afya. Ilikuwa na picha ya Mama peke yake, lakini ilitumika kwa watu wote wa nyumba ile, hata Bibi. Raya alipougua malaria alitibiwa kwa kadi hiyo yenye uso wa Mama, na hakuna aliyemuuliza neno. Tena nyumbani kwao mwavuli ulikuwa mmoja, mabuti ya mvua jozi moja, na kanga zilivaliwa na yeyote aliyewahi kutoka bafuni. Basi Raya akakata shauri moyoni mwake kwamba kadi huwa ya nyumba nzima, hata kama uso ni wa mtu mmoja.

Wakati wa likizo ya shule Bibi, mama yake Mama, alikuja kutoka Mkuyuni. Alileta mkungu wa ndizi, magome ya mdalasini, na macho mekundu yaliyokuwa yakimtoka machozi. Asubuhi iliyofuata Mama alimwita Raya.

"Mpeleke Bibi kliniki ya macho. Chukua kadi ya bima pale msumarini, na nauli yenu hii hapa. Mimi nina nguo za harusi za kumaliza. Hafidha amesoma mpaka usiku, mwache alale. Mtihani wake ni saa nane mchana."

"Haya, Mama."

Raya akachukua kadi ya bima. Mkono wake ukarudi msumarini, ukachukua na ya chuo. Hakunyata wala hakutazama nyuma. Aliona anafanya jambo la akili, kwamba nauli ya Mama itabaki na Mama atafurahi.

Daladala iliyosimama ilikuwa na abiria wachache. Konda alikuwa nyuma akipakia matenga ya nyanya, hata hakugeuka. Raya akaweka kadi kwenye mashine. Ti! Taa ya kijani. Akaiweka tena kwa ajili ya Bibi. Ti!

"Imesema nini?" Bibi akauliza.

"Imekubali, Bibi."

"Imekubali bila kutuuliza hata majina?" Bibi akatikisa kichwa. "Haya. Mjini kuna mambo."

Kliniki walimtia Bibi dawa machoni, wakambandika pamba kwenye jicho moja, wakamwambia kwamba ataona ukungu mpaka jioni. Raya akamshika mkono mpaka kituoni. Safari hii daladala ilikuwa ya Magreth, konda mwenye kofia ya njano ambaye watu wote wa njia ile walimjua. Raya alimsalimia, "Shikamoo," akaitikiwa vizuri, akaweka kadi. Ti!

"Hebu subiri, mdogo wangu." Magreth aliinama kwenye kioo cha mashine kilichokuwa upande wake. "Huyu ninayemwona hapa ni wewe?"

"Ni dada yangu, Hafidha."

"Yuko wapi?"

"Nyumbani. Amelala."

"Yaani amelala na huku anapanda daladala?"

Abiria wakacheka. Masikio ya Raya yakawaka moto. "Lakini asubuhi mashine ilikubali," alisema.

"Mashine kazi yake ni kusoma kadi. Kutazama uso ni kazi ya konda, na wa asubuhi hakuifanya." Magreth hakuwa na hasira, lakini kadi hakuirudisha. "Tumeagizwa hivi: tukiikuta kadi kwa asiye mwenyewe, tunaikabidhi getini chuoni. Dada yako aifuate huko."

Raya akatoa nauli ya Mama, akakaa. Bibi, ambaye katika ule ukungu aliona kofia ya njano tu na kadi ikitiwa mfukoni, akamgusa bega.

"Raya, mbona yule mama amebaki na picha ya Hafidha?"

"Baadaye, Bibi."

Raya alitazama nje mpaka wakafika, na milima ya Uluguru ilipita dirishani bila yeye kuiona. Kama ni kosa, mbona taa iliwaka kijani? Kama si kosa, mbona kadi imechukuliwa? Je, ameiba? Lakini mwizi hujificha, na yeye hakujificha. Kila alipofikiri alizidi kuchanganyikiwa.

Nyumbani waliwakuta watu wamechanganyikiwa kuliko yeye. Godoro la Hafidha lilikuwa limesimamishwa ukutani, vitabu vimemwagwa sakafuni, na Hafidha mwenyewe alikuwa akilia huku amevaa tayari kwa mtihani.

"Bila kadi hawaniingizi, Mama! Nisipofanya mtihani huu narudia mwaka mzima!"

"Tulia ufikiri. Nani aliingia humu leo?"

"Nasibu! Alikuja kuomba kiberiti."

Nasibu alikuwa mtoto wa nyumba ya pili, aliyesoma darasa moja na Raya. Alipoitwa alikuja mbio, mikono ina unga, akasimama mlangoni akitazama watu mmoja mmoja.

"Mimi nilichukua kiberiti tu, mama. Na nilikirudisha."

"Ulisimama hapohapo kwenye msumari," Hafidha alisema kwa ukali. "Kadi haina miguu!"

Bibi, aliyekuwa ameketi mkekani, akainua kichwa. "Picha yake imebaki kwa mama wa kwenye daladala," alisema.

"Pole, Bibi, ni ile dawa," Hafidha akajibu bila kumtazama.

"Mwenye kofia ya njano," Bibi akasisitiza.

"Mama, pumzika kwanza," Mama akasema kwa upole.

Hakuna aliyemuuliza Raya. Angenyamaza tu, Bibi angeonekana anaweweseka, na Nasibu angeitwa mwizi mtaa mzima. Nasibu alikuwa akijitahidi asilie. Hapo Raya aliona aibu kubwa. Bado hakuelewa kosa lake liko wapi hasa, lakini alielewa vizuri kwamba halikuwa la Nasibu.

"Bibi anasema kweli," alisema. "Kadi niliichukua mimi. Nilidhani ni ya nyumba, kama ya bima. Konda amesema ataikabidhi getini chuoni."

Mama alitazama saa ya ukutani.

"Maneno yatasubiri," alisema. "Nendeni wote wawili. Raya, wewe uliyeipeleka ndiwe utakayeisemea."

Walipata bajaji. Njiani Hafidha alimwinamia mdogo wake.

"Nisikilize. Wapo wanafunzi waliozuiwa mitihani kwa kuwaazima wenzao kadi. Watadhani nami nilikuazima. Tutasema niliiangusha kituoni, wewe ukaiokota. Sawa?"

Raya aliitikia kwa kichwa, lakini moyo ulikataa. Muda mfupi uliopita alikuwa amesema kweli na kifua kikawa chepesi. Sasa dada yake mkubwa, anayesoma chuo kikuu, anamwambia adanganye. Mbona mambo ya wakubwa hayana kichwa wala miguu?

Getini walimkuta Bwana Kasimiri, mkuu wa walinzi, mtu mzima mwenye miwani. Kadi ilikuwa mezani kwake. Walimwamkia, "Shikamoo," akaitikia, "Marahaba," kisha akamtazama Hafidha, akaitazama kadi.

"Enhe, binti. Ilikuwaje?"

"Nilii... niliiangusha..." Hafidha akaanza.

"Na huyu?" Bwana Kasimiri akamgeukia Raya. "Wewe unasemaje?"

Raya alihisi dada yake akimbana mkono. Akafumba macho, akasema yote kwa pumzi moja: msumari, kadi ya bima, macho ya Bibi, taa ya kijani, kofia ya njano. "Dada alikuwa amelala. Hakunipa. Hakujua chochote. Kosa ni langu mimi."

Bwana Kasimiri alivua miwani, akaifuta taratibu, akaivaa tena.

"Magreth aliponipa kadi hii alinisimulia. Mtoto wa kike, na bibi mwenye pamba jichoni. Nilikuwa nasubiri nione nitaletewa hadithi gani. Ingekuja nyingine, ningejua mnaficha jambo, na kadi ingelala hapa." Akaigeuza kompyuta wakaiona. "Tazama, Hafidha. Humu inaonekana kwamba asubuhi ulikwenda mjini, tena ukapanda daladala moja mara mbili kwa pamoja. Kama pangeibiwa kitu mle ndani, ningemtafuta nani?"

"Mimi," Hafidha alijibu kwa sauti ndogo. Machozi yalimtoka tena. "Nisamehe. Niliogopa."

"Hofu hiyo, mdogo wako pia alikuwa nayo." Akampa kadi. "Kimbia. Bado hawajafunga mlango."

Hafidha alikimbia. Raya alibaki getini akimtazama mpaka alipopotelea kwenye majengo.

Jioni, Hafidha aliporudi, kabla hajavua viatu alimshika Raya mkono wakaenda nyumba ya pili. Mbele ya mama yake Nasibu, Hafidha aliomba radhi kwa kumtuhumu mtoto wa watu bila ushahidi, na Raya kwa kuchelewa kusema. Nasibu alikuna kichwa.

"Mimi nimesamehe," alisema. "Lakini kesho kiberiti nitaombea nyumba nyingine."

Wakacheka wote, hata Hafidha. Waliporudi, Raya alimpa dada yake nauli iliyokuwa imebaki, kwa sababu safari ya asubuhi ilikuwa imelipwa kwa fedha zake bila ruhusa. Mama alizima taa ya cherehani, akaziweka kadi zote mbili mkekani.

"Raya, kadi hii ya bima tulijiandikisha wote. Bibi yumo, Hafidha yumo, wewe umo. Nikiumwa au ukiumwa, inatujua sote. Hii ya chuo aliyeandikwa ni mmoja tu. Kuazimana ni jambo jema, nami ndivyo nilivyowalea. Azima mwavuli, azima ungo, azima hata kanga yangu. Lakini uso wa mtu hauazimwi, kwa sababu ukiuvaa, kila utakachofanya kitakuwa kimefanywa na yeye. Na ukiona jambo hulielewi, uliza kabla ya kutenda. Nawe Hafidha, ukiulizwa na mdogo wako, simama umjibu. Dakika moja ya kumjibu ingekuokolea machozi ya leo."

"Nimeelewa, Mama," wakasema wote wawili.

"Ukikosea, sema mapema," Mama akaendelea. "Ukweli uliochelewa nusura umfanye Nasibu mwizi, na nusura umfanye mama yangu mwendawazimu."

Bibi alikuwa ameshabandua pamba. Aliiokota kadi ya chuo, akaisogeza karibu na jicho lake lililoanza kuona vizuri, akautazama sana uso wa mjukuu wake.

"Leo asubuhi mashine ilinikubali mimi kuwa Hafidha," alisema. "Nashukuru Mungu haikuniita na kwenye mtihani."