Alama za Marietha

Walikutana kwa fundi cherehani, Kinondoni, Jumamosi ambayo duka lilijaa watu wa sare za harusi, kila mmoja akidai nguo yake. Kokushubila alikuwa ameambiwa tena arudi kesho. Hakutukana wala hakupaza sauti. Alivuta stuli, akaketi mbele ya cherehani, akamwambia fundi kwamba hatoki pale mpaka gauni lake la kitenge liishe. Mwanaume mmoja mrefu mwenye shati jeupe, aliyekuwa anasubiri suruali, naye akavuta stuli.

"Mie namngoja huyu dada," alimwambia fundi. "Akimaliza yeye kukasirika, ndipo naanza mie."

Jina lake Adelard. Kabla gauni halijapigwa pasi, walikuwa wameshagundua kwamba wote ni waajiriwa wa chuo kikuu kimoja cha Kikristo, njia ya Chanika. Koku alikuwa mhadhiri wa ualimu. Adelard alikuwa ameingia juzijuzi tu kwenye ofisi ya ubora, ile inayopima kama wanafunzi wanaohitimu wamejifunza kweli yale ambayo chuo kinadai kuwafundisha.

Simu zikaanza jioni hiyohiyo. Adelard humuuliza leo amemkasirikia nani. Koku humjibu, laazizi, foleni ni ndefu, subiri zamu yako. Kufikia Pasaka walikuwa wanakaa benchi moja kwenye ibada ya chuo, na wanafunzi wanakonyezana.

Zamu ya Adelard ikafika mwezi wa sita. Koku alikuwa amezunguka shule za msingi za Gongo la Mboto, akiwatazama wanafunzi wake wa mwaka wa mwisho wakiwafundisha watoto wa darasa la kwanza kusoma. Zaidi ya nusu ya wanafunzi wake hawakuweza. Walijieleza vizuri, ubao ukapendeza, na watoto wakatoka bila kusoma neno. Mmoja wa walioshindwa alikuwa Marietha, mdogo wake Adelard. Koku alimpa alama aliyostahili. Kwa Adelard hakulitaja. Aliona kazi ibaki kazi.

Siku ya kikao cha seneti ya chuo, baada ya sala, Adelard alisimama na suti yake ya kijivu, akasoma kwamba karibu wanafunzi wote wa ualimu wanaweza kufundisha kusoma. Wajumbe wakapiga makofi. Koku alisikia masikio yanamuwaka. Akasimama.

"Hizo si alama zangu," alisema. "Na mdogo wako yumo humo. Umeona aibu kuniomba, ukaona uibe."

Adelard alikunja karatasi zake, akatoka.

Jioni alipiga simu, na safari hii hakutania. Alieleza kwamba alipoona jina la Marietha, alimwomba mkurugenzi wake, Dokta Ferdinand, amweke kando na alama za ualimu. Mkurugenzi akazijumlisha mwenyewe, yeye akapewa muhtasari wa kusoma. Koku akamuuliza inakuwaje mtu wa ofisi ya ubora asimame kusoma kitu ambacho hakukikagua.

"Hapo una haki," alisema Adelard. "Lakini umeniita mwizi mbele za watu, Koku. Namba yangu unayo. Ungenipigia."

Akakata. Koku aliitupa simu kitandani, akalia kwa hasira, na kilichomuuma zaidi ni kwamba na yeye alikuwa na kosa. Wakaacha kusalimiana. Kwenye ibada Koku akahamia benchi la nyuma.

Adelard naye alikuwa anachemka, ila alijua pa kuipeleka hasira yake. Alimfuata Dokta Ferdinand ofisini. Mzee hakukana. Alisema alichanganya alama za Koku na mahudhurio na kazi za vikundi, kwa kuwa wakaguzi wanakuja na chuo cha Bwana hakiwezi kuaibishwa. Adelard akamjibu kwamba aibu ni mtoto kumaliza mwaka hawezi kusoma jina lake. Akapanda hadi kwa makamu mkuu wa chuo, akaomba wajumbe waende shuleni, wakae nyuma ya darasa, wajionee. Na wa kwanza kutazamwa awe Marietha.

Walienda. Marietha alisimama mbele ya darasa, sketi ya bluu imenyooka, akawaimbisha watoto silabi vizuri sana. Makamu mkuu akamwita binti mmoja, akamwonyesha ubaoni neno "kikapu". Binti akaimba wimbo wote tangu mwanzo. Neno hakulisoma.

Matokeo yakafutwa, walioshindwa wakarudia muhula, Dokta Ferdinand akavuliwa ukurugenzi. Nyumbani, Marietha akawa hamsemeshi kaka yake, na mama yao akawa anamwekea chakula bila neno.

Koku alipolisikia hilo alienda nyumbani kwa kina Adelard, Gongo la Mboto. Shikamoo yake iliitikiwa kwa shida. Akamwambia mama kwamba amekuja kwa mwanafunzi wake. Kila Jumamosi atakaa naye mpaka aweze. Marietha alimtazama kwa chuki, halafu akaenda kumletea kiti.

Alipoondoka, Adelard alimsindikiza hadi getini.

"Nilikosea kukuita mwizi," alisema Koku. "Nitalisema kwenye seneti, mbele ya walewale. Ila bado nimekukasirikia."

"Na mie bado nimekukasirikia."

"Sana?"

"Sana. Nataka nikuoe hivyohivyo."

Koku aligeuka, akautazama mlango wa nyumba.

"Mama yako hatataka kunisikia mwaka huu."

"Hatataka."

"Basi tukamwambie leo," alisema Koku, akamshika mkono. "Akasirike mara moja tu, yaishe."