Abiria wa Kiti cha Mbele

Gari lililia ti-ti-ti hata kabla halijatoka kwenye yadi ya muuzaji. Taa nyekundu ya mkanda iliwaka upande wa abiria, na kiti kile hakikuwa na mtu.

"Linamlilia nani?" baba aliuliza kutoka nyuma, alikoketi na mwanawe wa kiume.

Dada mtu ndiye aliyeshika usukani kulijaribu. Leseni alikuwa nayo mwaka wa sita sasa, na miaka yote hiyo jibu la baba lilikuwa lile lile: wewe utaolewa, mumeo atakununulia. Leo mdogo wake wa miaka kumi na saba, anayejifunza udereva hata mwezi haujaisha, ananunuliwa gari, na yeye kaitwa kulichagua! Kijicho kilimjaa.

Alipapasa kiti kitupu. Kilikuwa cha moto, kimebonyea, kinanuka nywele zilizoungua. Alipaswa kusema. Badala yake alivuta mkanda, akaupitisha juu ya kile asichokiona, akaubana. Mkanda ukabaki hewani, umetuna kana kwamba umezunguka kifua cha mtu. Mlio ukakatika.

"Sensa ya kiti tu hiyo, baba. Gari zuri. Mnunulie mwanao."

"Dada yangu, wewe kiboko!" kijana alishangilia.

Siku ya tatu baada ya gari kununuliwa, kijana alirudi kwa miguu, midomo imemkauka.

"Dada, kuna mtu ananivutia usukani," alinong'ona. "Nikipishana na lori, anauvuta. Anasema, 'Shuka, hicho kiti changu.'"

"Umeota wewe."

"Na sauti, dada... ni yako."

Hayo ndiyo maneno dada mtu aliyotaka kumwambia mdogo wake siku ile pale yadini, akayameza.

Mganga aliitwa mchana kweupe. Alilizunguka gari mara moja tu, akarudi nyuma. "Huyu alikuwa anapita zake. Nani alimfunga mkanda?"

Mdogo mtu akamgeukia dada yake, naye akainamisha macho.

"Basi mfungue mwenyewe."

Alifungua mlango, na ile harufu ikampanda puani, akakandamiza kitufe cha mkanda huku kitu kikimpumulia shingoni taratibu, kwa joto, kama mtu aliyengoja muda mrefu na sasa haoni haja ya haraka, mpaka mkanda ukaachia, ukarudi pembeni kwa kishindo, na kiti kikajaa polepole, kikawa kiti tu.

"Ametoka," mganga alisema. Hakusema ameenda wapi.

"Mimi silitaki tena," mdogo wake alisema.

Baba alimtupia binti funguo bila kumtazama. "Haya. Si ndicho ulichokitaka?"

Aliketi kwenye usukani, gari lake hatimaye, akawasha. Ti-ti-ti. Kabla hajanyoosha mkono, mkanda wa upande wa pili ulijivuta wenyewe, ukajibana: kwa!

"Twende," sauti yake mwenyewe ilimwambia kutoka kiti cha abiria. "Na asipande mtu mwingine."