Mwanya wa Vidole Vinne

Jumamosi hiyo foleni ya duka la vifaa vya ujenzi ilifika mlangoni. Katikati yake alisimama mshonaji wa magauni ya harusi, amekumbatia marobota mawili ya sufi ya kuzuia joto, gauni lake la kijani limejaa vumbi la saruji.

"Dada, moja linakutosha," alisema mwanamume nyuma yake, futi ya chuma kiunoni.

"Umeliona paa langu?"

"Nimeuona mchoro ulioushika. Dari lako linafuata mteremko wa paa. Ukijaza sufi mpaka kwenye bati, hewa itapita wapi? Acha mwanya wa vidole vinne."

"Vidole vya nani? Vyako au vyangu?"

Akacheka. Foleni ikawapita.

Mwanamume huyo alikuwa fundi wa paa, mtaani walimwita Futi. Mshonaji alimpa kazi, akaimaliza kwa siku nne. Alitandika sufi, akaacha mwanya juu yake, akatoboa matundu upenuni hewa iingilie, akainua kofia ya paa, bati la kileleni, hewa itokee. Chumba cha kushonea kikapoa. Siku ya tano hakuwa na kazi pale, akaja hivyo hivyo.

Miezi mitatu simu hazikukatika.

"Umeshuka kwenye ngazi, mpenzi?"

"Nishuke niongee na nani? Mtandao uko huku juu."

Kisha asubuhi moja tone liliangukia gauni jeupe la bi harusi aliyebakiza siku tisa aolewe.

"Paa lako linavuja!"

"Mvua haijanyesha wiki tatu, mpenzi."

"Kwa hiyo mimi mwongo?"

"Sijasema hivyo. Nasema bati langu halina tundu."

"Basi baki na bati lako."

Jioni Futi alifika na ngazi begani. Hakufunguliwa.

"Hasira zako siziingilii, mwanangu," mama wa mshonaji alisema. "Ila na jua hili, maji yanatoka wapi?"

Mshonaji akaanza kutafuta jibu. Kwa wiki nzima aliandika kila tone na kazi aliyoifanya. Kila alipopiga pasi ya mvuke, kesho yake dari lilidondosha. Alipopumzika, lilikuwa kavu. Akaazima ngazi, akapanda mpaka upenuni. Kila tundu lilikuwa limeshindiliwa vipande vya satini nyeupe. Aliviweka mwenyewe, vumbi lisichafue magauni, akasahau. Mvuke ulipanda, ukakosa hewa ya kuusukuma nje kupitia kofia ya paa, ukageuka maji kwenye bati baridi la alfajiri.

Akapiga simu.

"Futi, niko juu ya ngazi."

"Shuka! Hapana, usishuke. Nakuja kuishika."

"Nimeziba matundu yako. Mimi mwenyewe, kwa vitambaa vyangu. Nisamehe."



"Na mimi nilikwambia uachwe mwanya. Sikukwambia ni wa nini."

Alikuja na wavu mwembamba wa waya: unazuia vumbi jingi, hauzuii hewa. Alibadilisha sufi iliyolowa, akatoa vitambaa, akafunika matundu kwa wavu huo. Siku tatu za pasi zilipita bila tone.

Siku ya nne mshonaji alivua futi ya kitambaa shingoni.

"Simama wima."

"Unanipima nini?"

"Suti."

"Sina sherehe."

"Utaanza kwa kwenda nayo kwa mama. Sherehe itafuata, ukitaka."

Futi aliweka futi yake ya chuma mezani, akainua mikono.

"Nataka," alisema. "Ila usibane sana. Acha mwanya."

"Najua," alijibu, akimzungushia futi kifuani. "Sasa najua ni wa nini."