Mtama Uliopukutika

Mwaka 1976, kijijini Kibuta, Mwanahalima ndiye aliyetunza mbegu za nyumba yake. Kila mavuno alichagua masuke ya mtama yaliyokuwa karibu na dungu, kile kibanda cha kuamia ndege kando ya kijito. Hapo ndege hawakuthubutu kutua, kwa hiyo punje zilikuwa nono. Mama yake alifanya hivyo, naye hakuona sababu ya kubadili.

Masika ile mtama wake ulitia fora. Mabua mengi yalimpita mumewe, Pazi, kwa urefu.

"Mwaka huu tutakula mpaka tusaze," Pazi alijigamba.

Siku ya kuvuna, Mwanahalima alishika suke refu. Punje zikapukutika mchangani. Akashika la pili. Vilevile. Alikuwa na watoto watano wa kulisha, na kikapu hakikujaa hata nusu.

Kesho yake alimwita Wilbrod, bwana shamba wa kijiji.

"Bwana shamba, nani kanifanyia hivi?"

"Hakuna mtu, mama. Twende kijitoni."

Kando ya maji palijaa mabua membamba yenye masuke meusi.

"Unaujua huu?"

"Mtama mwitu huo. Upo tangu zamani, hauna kazi."

"Kazi unayo. Upepo huchukua chavua, vumbi la maua yake, mpaka kwenye mtama wako pale dunguni. Mbegu inayozaliwa ni chotara. Ukiipanda, bua linakuwa refu, lina nguvu, lakini linamwaga punje kama mtama mwitu. Na wewe mbegu unachagua hapohapo, kwa hiyo machotara yameongezeka mwaka hadi mwaka."

"Kumbe najiroga mwenyewe!"

Pazi, aliyekuwa amewafuata, alicheka. Mkewe alimtupia jicho, kisha akamgeukia Wilbrod.

"Sasa tufanyeje?"

"Mbegu chukueni katikati ya shamba. Mtama mwitu ufyekeni kabla haujachanua. Machotara yang'oeni mapema. Punje zilizoanguka zitaota tena, kwa hiyo msichoke."

Mwaka uliofuata waling'oa mpaka viganja vikachubuka. Pazi ilimuuma roho kutupa mabua yaliyonawiri vile, lakini aliyatupa. Mwaka wa pili Mwanahalima alitikisa suke, punje zikatulia. Ghala lilijaa, na watoto walikula ugali wa mtama mpaka masika nyingine.

Wifi yake, Zena, alikuja kutoka Chole kuomba mbegu. Mwanahalima alimpimia pishi nzima.

"Ukiona bua limewapita wenzake, wifi, usilifurahie," alimwambia. "Ling'oe."