Lebo ya Arobaini na Moja

Haya yalimkuta swahiba wangu, fundi wa roboti inayokagua matumbawe ya kina kirefu, na hadi leo akisimulia hasira humpanda. Kila tumbawe hukatwa kipande kimoja tu, urefu wa kidole, kikaoteshwe kwenye miamba iliyokufa. Kisha roboti, inayoshuka na lebo moja tu kila safari, hulifunga namba lisiguswe tena.

Mchana huo, wakiwa kwenye boti, walishafunga ya arobaini, roboti ikabaki chini bila lebo. Mkuu wao akachoka kutafuta jingine la safari ijayo.

"Rudia hilohilo!"

"Bosi, lina lebo. Utaliua."

"Nani ataona huko chini?" Mkuu akampokonya swahiba wangu rimoti, mtu mzima hovyo, akakata. Kach!

"Tumekuja kuponya au kuchinja?" swahiba wangu akafoka.

Taa za roboti zikazimika, skrini ikawa nyeusi tii. Mkuu aliiachia rimoti, lakini kwenye spika ikasikika tena, taratibu: kach.

Walipoivuta roboti juu, mkono wake wa chuma ulikuwa umepungua urefu wa kidole. Kwenye mkato ilikuwa imefungwa lebo namba arobaini na moja. Swahiba wangu akageukia bunda la lebo lililokuwa mezani muda wote.

Lilianzia arobaini na mbili.