Kasuku Kwenye Dirisha la Vibali

Kila asubuhi kabla ya shule, Kasuku alikuwa mdomo wa baba yake. Muuza maziwa akigonga, yeye ndiye aliyeitika. Jirani akilalamikia bomba, yeye ndiye aliyemweleza baba kwa lugha ya kwao. Baba alikuwa fundi bingwa wa mashine za kupiga picha za mifupa, aliyeitwa na hospitali kubwa kutoka nchi ya mbali. Mashine alizijua kama kiganja chake, lakini lugha ya hapa ilimpiga chenga. Ndipo wenzake darasani wakambandika binti jina hilo.

"We Kasuku, baba akikohoa, unatafsiri na kikohozi?"

"Natafsiri! Kina adabu kuliko maneno yenu."

Siku ya kuongeza muda wa kibali ilipofika, yeye na baba wakasimama dirishani, katika ofisi ya uhamiaji. Bila kibali, baba asingeruhusiwa kufanya kazi, na Kasuku angeacha shule katikati ya mwaka. Alikuwa amejiapiza: leo hatutoki mikono mitupu.

Afisa, mama mwenye miwani ya kuning'inia, aliuliza taratibu. Kasuku akapeleka swali, akarudisha jibu. Mambo yakaenda sawa.

"Muulize baba, mbali na hospitali yake, anafanya kazi mahali pengine?"

Kila Jumamosi baba alitengeneza mashine za zahanati ya ng'ambo ya mto, na kibali, Kasuku alivyokisoma, kilikuwa cha hospitali moja tu.

"Hapana," Kasuku akajibu mwenyewe, chapuchapu.

Baba akamgusa bega. "Mwanangu, swali halijanifikia, mbona jibu limeshatoka?"

Kasuku akamweleza kwa kunong'ona swali na sababu ya jibu lake.

"Kumbe haikuruhusiwa? Mganga mkuu wa hospitali ndiye aliyenituma. Mwambie ukweli wote."

"Watatufukuza, Baba!"

"Wakitufukuza, tutafunga mizigo. Lakini sitafanya kazi huku nikichungulia mlango. Sema."

Kasuku akashika ukingo wa dirisha. "Samahani, Mama. Lile jibu lilikuwa langu, si la Baba." Akasema yote, hakubakiza.

Afisa akaweka kalamu chini. "Mganga mkuu alipaswa kutuomba ruhusa kwanza. Leo sipigi muhuri; kibali cha sasa bado kina wiki kadhaa. Mwajiri alete maombi, na baba asikanyage zahanati mpaka yajibiwe."

Hawakupitia nyumbani. Walikwenda moja kwa moja hospitalini, Kasuku akatafsiri neno kwa neno, hadi mganga mkuu akashika kichwa. "Kosa ni letu," akakiri, na siku ile ile akapeleka maombi.

Jumamosi kadhaa baba alishinda nyumbani. Hatimaye wakaitwa dirishani. Kibali kilikuwa tayari, kikitaja hospitali na zahanati.

"Sikiliza, binti," afisa akasema. "Kama wakaguzi wangemkuta kule baada ya ile 'hapana' yako, kibali kingefutwa, na nisingekuwa na la kumtetea. Njia ya mwongo ni fupi. Ukibeba maneno ya mtu, yafikishe kama ulivyopewa, hata yakikuuma."

"Anasemaje?" baba akauliza.

Kasuku akavuta pumzi, akamtafsiria yote, pamoja na karipio alilopewa yeye mwenyewe, bila kuruka hata neno.

Baba akakohoa, mkono mdomoni.

"Na hicho kikohozi?" afisa akauliza.

"Hicho si kikohozi, Mama," Kasuku akasema. "Baba anacheka."