Masega ya Gari la Bi Saada

Bi Saada wa Kengeja alikuwa na gari dogo la abiria. Siku za kawaida lilibeba watu, ndizi na muhogo kwenda Chake Chake. Lakini wiki ile lilikuwa na kazi kubwa zaidi. Wasichana wa Kengeja walikuwa wameingia fainali ya mpira wa pete! Tangu timu ianzishwe, haijapata kufika huko. Mchezo ungekuwa Jumamosi, uwanja wa Gombani, na dereva wa timu alikuwa Bi Saada mwenyewe.

Kijiji kilichangamka. Kila jioni Wafa, binti yake, alirusha mpira kwenye pete iliyopigiliwa juu ya mshelisheli nyuma ya nyumba. Mpira ukiingia, mama yake alipiga vigelegele kutoka jikoni. Ukikosa, alipiga vilevile.

"Mama, huo nimekosa!"

"Najua. Naupigia utakaofuata!"

Jumatatu, Bi Saada alikuwa akipandisha kilima na shehena ya ndizi. Mumewe, Mmanga, alikaa pembeni yake. Bi Saada akakanyaga mafuta. Gari halikuitika. Akakanyaga tena. Likajikongoja kama mzee aliyetwishwa gunia. Taa ya njano yenye picha ya injini ikawaka mbele yake. Kisha harufu ya mayai viza ikajaa ndani.

Mmanga akamtazama kwa jicho la pembeni. "Saada, umepakia mayai?"

"Mayai gani? Hizo ni ndizi tupu!"

Walifika kwa taabu kwenye gereji ya Jecha, kando ya barabara. Jecha aliingia chini ya gari, akagonga hapa na pale, akatoka akijifuta mikono.

"Bi Saada, masega yameziba."

"Masega? Kwani gari yangu ina nyuki?"

Jecha akacheka. "Ni chombo kilicho kwenye bomba la moshi. Ndani kina vitundu vidogo vidogo, mfano wa masega ya nyuki. Vikiziba, moshi hautoki na injini hukosa pumzi."

"Na dawa yake?"

"Nayakata, naunga bomba tupu. Wengi hufanya hivyo. Gari itaruka kama paa!"

Bi Saada aliifikiria Jumamosi. "Kata, baba. Kata!"

Kweli, gari liliruka. Lilinguruma mpaka kuku wa jirani wakatawanyika. Bi Saada alirudi nyumbani akicheka njia nzima.

Jumatano aliwachukua wasichana kwenda mazoezini. Mvua ilikuwa kubwa, wakafunga vioo vyote. Walianza safari kwa nyimbo na makofi. Baada ya muda nyimbo zikapungua. Baadaye zikakatika kabisa.

"Mbona kimya?" aliuliza Bi Saada.

"Kichwa kinaniuma," alisema msichana mmoja.

"Na mimi," alisema mwengine.

Wafa alikuwa ameegemea kioo, macho mazito. Ghafla akatapika.

Bi Saada alisimamisha gari, akalizima, akafungua milango yote. "Shukeni! Nyote! Mvua haiui!" Akamkumbatia binti yake kwenye mvua ile, akimpepea kwa ncha ya mtandio. Bahati njema, kituo cha afya hakikuwa mbali. Walifika huko kwa miguu, mmoja akimshika mwenzake. Wakapimwa, wakapumzishwa, na kufikia alasiri wote walikuwa wazima.

Jioni hiyo jirani yao, Mwalimu Nihal, alikuja kumjulia hali Wafa. Nihal alifundisha ufundi wa magari katika chuo cha mafunzo ya amali.

"Hodi! Mgonjwa hajambo?"

"Karibu, Mwalimu. Hajambo, alhamdulillahi. Lakini mimi ndiye mgonjwa sasa. Nimewatia nini watoto wa watu?"

Nihal aliomba kuliona gari, ambalo Bi Saada alilirudisha peke yake, vioo vyote wazi. Alitandika gunia, akajilaza chini yake na tochi, kisha akamwita Bi Saada. Naye akajilaza palepale, kanga na yote.

"Unaona hapa fundi wako alipounga bomba? Pana ufa. Moshi unavuja na kupenya ndani ya gari. Moshi wa injini una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Masega hupunguza sumu hiyo sana. Sasa huna masega, na bomba linavuja. Mkafunga na vioo."

Bi Saada alifunga mdomo kwa mkono. "Yarabi! Basi naenda kununua masega kesho asubuhi!"

"Ngoja kwanza, Bi Saada. Masega hayafi bure. Lazima kuna kilichoyaua. Ukiweka mapya bila ya kutibu chanzo, na hayo yatakufa."

Asubuhi walilipeleka gari pamoja kwa Jecha, vioo wazi vilevile. Alipopewa habari za wasichana, Jecha alijishika kichwa. "Wallahi, Mwalimu, mimi nilitaka gari ipande kilima tu."

"Basi sote tujifunze," alisema Nihal. "Fungua plagi."

Jecha akazitoa. Moja ilikuwa nyeusi tititi. Plagi ile haikuwa ikiwasha petroli sawasawa. Petroli mbichi ilikuwa ikiingia kwenye masega na kuungulia humo, mpaka vitundu vikayeyuka na kuziba.

"Huyu ndiye adui!" alisema Bi Saada, akaikamata plagi kwa vidole viwili kama anayeshika panya.

Jecha alibaki kufunga plagi mpya na kupima injini. Bi Saada na Nihal walipanda gari jengine hadi kwenye duka la vipuri Chake Chake. Njiani Nihal alimweleza mambo ya kuangalia. Walipofika, mwalimu alisimama mlangoni. "Chagua wewe. Gari ni yako."

Bi Saada alishusha pumzi. Mwenye duka, Mzee Nyange, alimletea masega yaliyotumika. "Haya rahisi, Bi Saada, na ni ya gari kama yako."

Bi Saada aliyainua karibu na sikio, akayatikisa. *Kacha-kacha-kacha.*

"Yamevunjika ndani haya, Mzee wangu. Siyataki!"

Mzee Nyange akaleta mengine, mapya, yanang'aa. Bi Saada aliyatikisa. Kimya. Akamulika tochi upande mmoja, mwanga ukatokea upande wa pili. Alitaka kushangilia, ila akajizuia. Akayageuza. Yalikuwa na tundu moja la kufungia sensa, kile kifaa kinachopima moshi. Gari lake lilikuwa na sensa mbili, moja mbele ya masega na moja nyuma.

"Mazuri, lakini si yangu. Nipe yaliyotengenezwa kwa injini yangu." Akamtajia namba ya injini na mwaka wa gari.

Mzee Nyange alizama stoo, akarudi na boksi. Matundu mawili. Ncha zake zilikuwa na mahali pa kufunga bolti, bila ya kukata wala kuchomelea. Mshale ulionyesha moshi uelekee wapi. Na dhamana ilikuwa ya maandishi.

Bi Saada aligeukia mlangoni. Nihal alitabasamu tu.

"Haya ndiyo!" alisema Bi Saada kwa sauti iliyowageuza wapita njia.

Waliporudi gereji, Jecha aliyafunga pamoja na gasketi mpya za kuziba maungio, akapima kama kuna panapovuja. Hapakuvuja popote. Taa ya njano haikuwaka tena. Injini ililia taratibu, na harufu ilikwisha.

Jumamosi gari lilipanda kila kilima likiwa limejaa wasichana na nyimbo, na hakuna aliyeumwa kichwa. Gombani watu walikuwa wengi kupita kiasi. Mchezo ulikwenda sare mpaka mwisho. Kisha Wafa alipokea mpira chini ya pete, akapumua, akarusha. Ukazunguka kwenye ukingo. Ukaingia! Kengeja wakalipuka kwa kelele.

Wakati wa kuondoka, wasichana walimtafuta dereva wao bila ya kumwona. Wafa akapiga honi. Bi Saada akaitika kutoka mbali. Alikuwa chini ya gari la timu waliyoifunga, miguu tu ikionekana. Dereva wa gari hilo, Mjaka, alikuwa amechutama kando yake. Gari lake lilikuwa limeishiwa nguvu, na fundi amemshauri akate masega aunge bomba tupu.

"Usikate, ndugu yangu! Nenda kwanza ukatazame plagi," ilisikika sauti ya Bi Saada. "Na kabla ya kununua chochote, nambie: injini yako namba gani?"